Ibn Sina wa kwenye chupa na Ibn Sina mwenyewe

Nyumbani kwetu Kibokoni kuna chupa nyeupe ya plastiki ambayo mpaka leo sijaitupa. Ndani mna unga wa rangi ya kahawia, umebaki kama robo. Nje imebandikwa karatasi yenye picha ya mzee wa kilemba na ndevu, na chini ya picha pameandikwa kwamba dawa hii imetokana na elimu ya Ibn Sina, na kwamba inatibu sukari, presha, nguvu za kiume, uvimbe na saratani za aina zote.

Niliinunua mimi mwenyewe. Nilimpelekea shangazi yangu, dada yake marehemu baba, siku alipotuambia kwa haya nyingi kwamba ana uvimbe kwenye titi, mdogo kama kokwa ya ukwaju. Akanywa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, ndani ya maziwa, kwa muda wa miezi saba. Tulipofika hospitali hatimaye, ugonjwa ulikuwa umeshaingia makwapani na kwenye mapafu. Hakuimaliza Ramadhani ile. Allah amrehemu.

Sisemi kwamba unga ule ndio uliomuua, kwa sababu sijui ndani yake mna nini, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ninachojua ni kwamba miezi saba ilipita, na kwamba mimi nilitulizwa na lile jina. Sisi watu wa Mji wa Kale tumekua tukilisikia tangu chuoni. Likitajwa kwenye dawa, mtu haulizi tena.

Baada ya hitima nikaona haya kwamba nimemwamini mtu nisiyemjua. Mimi si daktari wala si sheikh; nina diploma yangu ya biashara na mazoea ya kusoma. Nikaanza kuyatafuta maisha ya yule mzee wa kwenye picha. (Picha yenyewe, kwa taarifa yako msomaji, ilichorwa karne nyingi baada ya kufa kwake.) Bahati nzuri ni kwamba sehemu ya kwanza ya maisha yake aliisimulia mwenyewe, na sehemu ya pili akaiandika mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani, aliyekaa naye miaka kama 25. Kwa hivyo hatuhitaji kubahatisha sana.

Jina lake Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina. Alizaliwa mwaka 980, sawa na 370 Hijria, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, mji ambao leo uko Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, mtumishi wa serikali ya Wasamani, na mama yake akiitwa Sitara. Familia ikahamia Bukhara mjini, na kijana akahifadhi Qur'ani kabla hajatimiza miaka 10 au pale pale alipoitimiza. Hesabu za Kihindi alifundishwa na mtu aliyekuwa akiuza mboga. Hili nalipenda. Wazee wetu hapa nao walijifunza mengi kwenye vibaraza vya maduka, wala hakuna aliyewauliza cheti.

Fiqhi aliisoma, mantiki akaisoma, kisha akamshinda mwalimu wake. Akiwa na umri wa miaka 16 alikuwa tayari anatibu watu, na alisema bila unyenyekevu wowote kwamba udaktari si elimu ngumu. Kilichomshinda kilikuwa kitabu kimoja cha falsafa cha Aristotle. Alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, na bado hakukielewa. Siku moja baada ya Alasiri, kwenye soko la vitabu, mchuuzi akamsumbua anunue kitabu cha dirhamu tatu kwa sababu mwenyewe ana shida ya pesa. Kilikuwa sherehe ya al-Farabi juu ya kile kile kilichomshinda. Akakisoma usiku ule, mafundo yakafunguka, na asubuhi akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mungu. Alikuwa na ada hiyo: suala likimkwama, huenda msikitini akasali na kuomba.

Lakini tusimfanye walii. Katika masimulizi hayo hayo anasema kwamba usingizi ukimlemea usiku alikuwa akinywa kikombe cha mvinyo apate nguvu ya kuendelea kusoma, na mwanafunzi wake hakuficha kwamba baada ya darsa za usiku meza ya vinywaji ilitandikwa. Al-Ghazali, aliyekuja baada yake, alimpinga vikali katika mambo ya falsafa. Nayataja haya kwa kuwa wauza chupa wanamuuza kama mtu wa karama. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtu mwenye akili kubwa mno, mwenye majivuno yake na kasoro zake, na elimu yake ya dawa inasimama au kuanguka kwa hoja, kama ya mwengine yeyote.

Sultani wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua na matabibu wake wakashindwa, kijana akaitwa kushirikiana nao. Hakuwa hata na miaka 18. Mgonjwa akapona, na malipo aliyoomba kijana ni ruhusa ya kuingia kwenye maktaba ya sultani, vyumba kwa vyumba vilivyojaa masanduku ya vitabu. Muda si muda utawala wa Wasamani ukaanguka na baba yake akafariki. Tangu hapo hakupata makao. Alikwenda Gurganj, kisha mji hadi mji kupitia Khurasan, akimtafuta mfalme Qabus wa Jurjan amhifadhi. Alipofika, karibu mwaka 1012, Qabus alikuwa ameshapinduliwa na kufungwa, akafia huko. Ni hapo Jurjan alipokutana na al-Juzjani, na ni hapo alipoanza kuandika al-Qanun fi al-Tibb, kitabu chake kikubwa cha udaktari.

Akaenda Rayy, kisha Hamadan, miji ya Iran ya leo. Huko Hamadan amiri Shams al-Dawla alikuwa na msokoto wa tumbo, naye akamtibu kwa siku 40, usiku na mchana, mpaka akafanywa waziri. Askari wakamchukia. Wakaizingira nyumba yake, wakaipora, wakataka auawe. Amiri hakukubali kumuua, akamfukuza tu, na yeye akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Msokoto ukamrudia amiri, ikabidi daktari atafutwe, aombwe radhi na arudishiwe uwaziri! Mchana kazi za dola, usiku wanafunzi wakisoma, huyu sehemu ya al-Qanun, yule sehemu ya kitabu cha falsafa.

Amiri alipofariki, mambo yakaharibika tena. Safari hii alijificha katika nyumba ya attari, yaani muuza manukato na dawa za miti, kama hawa wetu wa Marikiti. Bila kitabu cha kurejea, aliorodhesha vichwa vya mas-ala kwa kichwa chake, kisha akawa anaandika kurasa 50 kwa siku. Nikisoma hapo namuona kabisa: chumba cha nyuma, magunia, harufu ya mvuje na manemane, na mtu anaandika. Wakamkamata hata hivyo, wakamfunga kwenye ngome ya Fardajan miezi minne, na humo gerezani pia akaandika. Baadaye alitoroka Hamadan na nduguye na al-Juzjani, wamevaa nguo za masufi, wakafika Isfahan, na huko akaishi kwa heshima miaka iliyobaki.

Sasa tuje kwenye hicho kitabu, maana ndicho kinachotajwa kwenye chupa yangu.

Al-Qanun ni vitabu vitano. Cha pili ni cha dawa moja moja, zipatazo 800, nyingi zake mimea: shubiri, mdalasini, uwatu, habasoda, ubani. Mtu wa Mji wa Kale akikifungua anajiona yuko dukani. Lakini kabla hajaanza kuorodhesha, Ibn Sina ameweka masharti ya kuijaribu dawa. Dawa iwe katika hali yake yenyewe, isiwe imepashwa moto au kuchanganyikana na kitu kitakachoibadilisha. Ijaribiwe kwa maradhi mamoja yaliyo wazi, si kwa mtu mwenye maradhi matatu, kwani hutajua imefanya kazi wapi. Ijaribiwe kwa maradhi yenye tabia zinazopingana, ili ijulikane inaponya kwa tabia yake au kwa sadfa. Nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, kuanzia kiasi kidogo. Uangaliwe wakati: imefanya kazi mara moja, au mgonjwa amepata nafuu baadaye kwa sababu nyengine? Matokeo yawe yanarudi yale yale daima au mara nyingi. Na mwisho, ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwa sababu inavyomfanya simba au farasi huenda isimfanye mtu vivyo hivyo.

Niliposoma masharti hayo niliichukua ile chupa nikaisoma tena. Maradhi matano, dawa moja. Haikuandikwa mti gani. Haikuandikwa uzani. Hata sharti la kwanza haikulitimiza.

Na saratani je? Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kaa, huyu huyu wa pwani. Tangu zama za Wayunani matabibu waliuona uvimbe huu na mishipa yake iliyotanda pembeni kama miguu ya kaa, wengine wakasema ni kwa vile unavyong'ang'ania nyama. Ibn Sina aliufuata mwendo wa Wayunani katika kueleza chanzo chake, kwamba ni nyongo nyeusi imezidi mwilini, na hapo alikosea. Hakuna anayeshikilia hilo leo. Lakini katika mwenendo wa ugonjwa macho yake yaliona sawasawa. Aliandika kwamba ukianza unaweza kuzuiliwa usikue wala usitoe kidonda, na mara nyengine mwanzoni hupona. Ukishakomaa, hakuahidi. Ulio ndani ya mwili alipendelea usichokozwe. Mdogo ulio mahali pa kukatika aliruhusu ukatwe, na akashurutisha ukatwe kwa upana pamoja na mishipa inayoulisha, kisiachwe kitu. Na akatahadharisha dhidi ya dawa kali, kwamba huuzidisha ubaya.

Yaani mtu aliyeandikwa jina kwenye chupa yangu, lau angeletewa shangazi na uvimbe wake wa kokwa ya ukwaju, asingempa miezi saba ya kijiko asubuhi na jioni. Kwa maandishi yake mwenyewe, ule ulikuwa ndio wakati.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sikuandika makala haya kuwapiga vita watu wa miti shamba. Bibi yangu alinilea kwa mwarobaini na mkunazi na sikudhurika. Na daktari anayecheka akisikia miti shamba hajui historia ya dawa zake mwenyewe. Nitatoa mfano mmoja usio mbali. Ukivuka feri Likoni ukashika njia ya Kwale, utaiona milima ya Shimba Hills. Katika msitu ule unaota mti ambao wanasayansi wanauita Maytenus buchananii, na katika maandishi ya wataalamu wa mimea imetajwa kwamba Wadigo wa pale walikuwa wakiutumia kwa vivimbe vya namna ya saratani. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kwamba wametoa kitu kipya kwenye mti wa jamaa hiyo hiyo uliotoka Ethiopia, wakakiita maitansini, chenye nguvu ya ajabu ya kuzuia seli za saratani zisigawanyike. Ikatakikana miti mingi, kwa kuwa ndani ya mti kitu hicho ni kidogo mno. Kwa ajili ya Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani zikavunwa zaidi ya tani 27 za mti huo kutoka Shimba Hills.

Je, dawa ikapatikana? Hapo ndipo masharti ya Ibn Sina yanaporudi. Walipoijaribu kwa wagonjwa, iliwadhuru kuliko kuwafaa. Kiasi cha kuua saratani kilikuwa karibu mno na kiasi cha kumuumiza mtu. Ikawekwa kando miaka mingi. Baadaye watafiti wakapata njia ya kuifunga chembe ya sumu ile, iliyobadilishwa kidogo, kwenye kingamwili inayokwenda kushika seli za aina moja ya saratani ya matiti, ili sumu ifunguliwe humo ndani na si mwili mzima. Mwaka 2013 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani, na inatumika. Leo haihitaji hata mti, kwani malighafi yake hutengenezwa kwa bakteria maabara.

Kwa hiyo elimu ya miti ya pwani hii ina kitu ndani yake, tena kwa ugonjwa ule ule uliomchukua shangazi. Ila kati ya mti wa Shimba Hills na sindano ile pamepita miaka 40 ya kupima. Mtu angeuchukua mti ule akausaga, akautia kwenye chupa nyeupe na kuandika jina kubwa juu yake, angeweza kumuua mgonjwa haraka kuliko saratani yenyewe. Na nina dukuduku jengine: Mdigo wa kwanza aliyeujua mti ule hatajwi jina popote nilipopita. Bei ya dawa ile nayo si ya mtu wa Kibokoni wala wa Kwale.

Juu ya kupotea kwa elimu, al-Juzjani ametuachia habari moja inayouma. Anasema mwalimu wake alikuwa amejikusanyia majaribio mengi aliyoyafanya kwa wagonjwa, ameyaandika kwenye karatasi na kukusudia kuyaingiza ndani ya al-Qanun. Karatasi zikapotea kabla kitabu hakijakamilika. Mwanafunzi anakumbuka machache tu. Kuna mwanamke wa Khwarazm mwenye kifua kikuu, ambaye Ibn Sina alimwamuru asitumie dawa yoyote ila waridi lililochanganywa na sukari, mfano wa ule mchanganyiko unaotiwa kwenye tambuu tamu, na mwanamke akapona. Alipona kwa waridi au kwa sababu nyengine? Bila zile karatasi hatuwezi kujua. Nimewaza wazee wetu wangapi, wa Kuze, wa Likoni, wa Jomvu, wamezikwa na karatasi zao kichwani, wala hapakuwa na al-Juzjani wa kuandika hata hayo machache.

Tuje kwenye mwisho wake. Miaka ya mwisho alikuwa akisafiri na amiri wa Isfahan kwenye vita, na huko njiani ukamshika ule ule ugonjwa aliomtibu Shams al-Dawla, msokoto wa tumbo. Akawa na haraka apone asije akaachwa nyuma jeshi likirudi, akajipiga bomba la dawa mara nane kwa siku moja, mpaka matumbo yakachubuka. Kisha akaagiza kwenye dawa yake zitiwe mbegu za karafsi, hii mboga ya seleri, kiasi cha daniki mbili ili kuvunja upepo. Daniki ni sudusi ya dirhamu. Tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu tano. Piga hesabu: mara 15 ya kilichoagizwa. Al-Juzjani anasema hajui kama ni kwa makusudi au kwa makosa, kwani yeye hakuwepo. Vidonda vya matumbo vikazidi. Na juu ya hayo, mtumishi wake mmoja akamtilia afyuni nyingi katika dawa nyengine, kwa sababu watumishi walikuwa wamemuibia pesa na waliogopa akipona atawashika.

Aliinuka kidogo, akaugua tena, na alipofika Hamadan akajua nguvu zimekwisha. Akaacha kujitibu. Akawaacha huru watumwa wake, akatoa mali yake sadaka, akawa akikhitimu Qur'ani kila siku tatu. Akafariki Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037, akiwa na miaka 57, na kaburi lake liko Hamadan mpaka leo.

Wiki iliyopita niliichukua ile chupa nikampelekea kijana mmoja wa Marikiti anayeuza miti shamba, mtu muungwana, tumesoma chuo kimoja. Duka lake lina mizani ya shaba aliyoachiwa na babu yake. Nikamuomba aniambie ndani mna nini. Akamimina kidogo kiganjani, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi akatema. Akatambua uwatu, akahisi kuna sanamaki, na vingine viwili akasema havijui. Akanirudishia. Nimemuomba, siku atakapopata nafasi, tukae yeye na mimi na daftari, aanze kwa miti aliyoijua kwa babu yake: jina, mahali unapoota, sehemu inayotumika, na uzani.